Saa Saba Mchana: Shajara ya Kubeba Chakula Kazini

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeanza. Kwa wiki kumi, siku nne kati ya tano za kazi, nataka mchana nile chakula nilichokipika mwenyewe, na maandalizi yasizidi nusu saa kwa siku. Ijumaa nitaendelea kununua kwa mama ntilie wa kona, kwa sababu ugali wake wa dagaa na mchicha siwezi kuufikia, na sioni kwa nini nijinyime.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, kazi yangu ni ya uhasibu jirani na Posta. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja na nusu usiku. Kwa miaka mitatu mchana wangu umekuwa wa aina mbili: chipsi mayai na soda, au kilima cha wali chenye vijiko viwili vya maharage na kabichi kidogo pembeni. Ikifika saa tisa macho yanafumba juu ya hesabu. Desemba tulipimwa afya, presha yangu ikasoma 138 kwa 88. Daktari hakunipa dawa. Aliniuliza mchana nakula nini, nikamweleza, akaandika kwenye karatasi: punguza chumvi, ongeza mboga, uje tena baada ya miezi mitatu. Karatasi nimeibandika kwenye mlango wa friji.

Ofisini hakuna friji wala maikrowevu. Kuna birika la umeme, meza ndefu na feni.

Chakula cha leo: wali, kunde na mchicha, vyote ndani ya hotpoti moja niliyopewa zawadi siku ya harusi. Kunde zilikuwa nzuri. Mchicha ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu.

Alhamisi, 16 Januari

Jana usiku nilipika wali wa nazi na maharage ya nazi. Nikauacha wali jikoni ukiwa umefunikwa, alfajiri nikaupasha kidogo na kuufunga. Saa saba nilipofungua hotpoti, harufu ilinipokea kabla ya kijiko. Wali ulikuwa unateleza na umechacha. Nimemwaga wote, nikanunua chipsi.

Jioni nilimpigia mama Muheza. Baada ya shikamoo nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nazi haingoji. Tangu lini wali wa nazi ukalala nje Januari?" Kweli, nyumbani kwetu wali wa nazi ulipikwa na kuliwa, na uliobaki uliliwa usiku huohuo na wajomba.

Lakini nazi si sababu pekee. Nimesoma kuhusu bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayepatikana sana kwenye mchele. Mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukipoa polepole na kukaa kwenye uvuguvugu, zinaamka na kuongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo ile desturi yangu ya kuacha sufuria jikoni usiku kucha, halafu asubuhi "nimeua vijidudu" kwa moto, haikuwa ikinilinda. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kiwekwe kwenye ubaridi chini ya nyuzi 5 au kishikiliwe kwenye moto zaidi ya nyuzi 60. Katikati ya namba hizo mbili ndipo hatari ilipo.

Naona sasa kwamba nilikuwa nikichagua chakula kwa jinsi kinavyotoka jikoni. Swali ni kitakuwaje saa saba.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda Kariakoo kununua kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ndefu na kioo kidogo cha namba. Sh. 15,000. Nikazunguka pia maduka ya vyombo nikitazama chupa za chakula, zile za chuma zenye kuta mbili na mdomo mpana, ambazo wauzaji huziita themosi za chakula. Yenye ujazo wa nusu lita na zaidi kidogo nimeipata kwa sh. 42,000 baada ya kupatana sana. Ni pesa nyingi kwa mradi wa kula vizuri kwa bei nafuu, na nimeiandika kwenye daftari kama gharama ya kuanzia.

Jaribio la leo nyumbani: wali wa moto wenye nyuzi 86 ndani ya hotpoti ya harusi, nusu ya chombo. Nimefunga saa kumi na mbili, nimefungua saa saba. Nyuzi 46.

Kwa mkono wangu wali huo ulikuwa "bado wa moto". Ningeula bila wasiwasi. Na wiki yote nimekuwa nikila wa namna hiyo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimetumia Jumamosi nzima kupima, na leo ndiyo siku iliyonifurahisha kuliko zote tangu nianze.

Hotpoti ileile, safari hii nimeijaza maji yaliyochemka kwanza, nikaifunika dakika 10, nikamwaga, ndipo nikaweka wali mpaka juu. Saa saba: nyuzi 55. Kupasha chombo na kukijaza kumeongeza nyuzi 9, bila kununua kitu. Hata hivyo haijafika 60.

Themosi ya chuma nayo nimeipasha kwa maji ya moto, nikajaza choroko nzito zikiwa bado zinatokota. Saa saba: nyuzi 67, na ulimi uliona. Jana nilijaribu wali ndani ya themosi hiyohiyo kwa muda uleule, ikawa 61. Chakula chenye mchuzi kinatunza joto kuliko kikavu, kwa kuwa maji hubeba joto jingi na hayaachi nafasi za hewa katikati kama punje za wali. Chombo kilichojaa kinashinda kilichojaa nusu.

Basi nimegawa chakula changu makundi mawili. Cha kwanza ni cha mchuzi: choroko, kunde, maharage, mtori, supu ya kuku yenye viazi na karoti. Hiki kinaingia kwenye themosi kikiwa kinachemka. Cha pili ni kile kisichohitaji moto wala hakiharibiki upesi: ndizi mbivu, dagaa wakavu waliokaangwa, karanga, matunda yasiyokatwa. Wali nimeuondoa kwenye safari kwa sasa. Umeniuma, maana mimi ni mtu wa wali.

Jumapili, 2 Februari

Wiki mbili za muda sasa ziko kwenye daftari, na zinaonyesha kitu ambacho sikukitarajia. Kupika hakunichukulii muda mwingi. Muda unapotea kwenye kukumbuka: kukumbuka kuloweka, kukumbuka kuwa karoti zimeisha, kutafuta mfuniko. Siku nilizoloweka maharage kabla ya kulala, kesho yake jioni nilitumia dakika 25 kwenye presha kuka, nami wakati huo naoga na kukunja nguo. Siku nilizosahau nilikaa saa moja na nusu na gesi ikiwaka.

Kwa hiyo bakuli la kulowekea sasa linakaa juu ya jiko lenyewe. Siwezi kuwasha jiko bila kulisogeza.

Jambo la maharage nataka niliandike vizuri, kwa sababu dada wa mapokezi alinipa wazo ambalo karibu nilifuate: niweke maharage mabichi kwenye themosi, nimwage maji yanayochemka, yaive yenyewe mpaka mchana. Kwa choroko zilizokobolewa huenda ikawa sawa, kwa maharage mekundu hapana. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana kitu kiitwacho lektini kinacholeta kutapika na kuharisha, na hakivunjiki kwa joto la nyuzi 70 au 80. Kinahitaji mchemko kamili, dakika zisizopungua 10, baada ya kulowekwa na maji ya kulowekea kumwagwa. Yaliyokwisha kuchemka hivyo yanaweza kumalizia kuiva kwenye chombo. Nimemweleza, akashtuka: kumbe kaka yake alikuwa akifanya hivyo bwenini.

Jumatano, 5 Februari

Mboga ya majani bado inanisumbua. Kijani cha mchicha kinatokana na klorofili. Ukikaa kwa muda wa saa saba kwenye joto pamoja na nyanya, asidi inaondoa magnesiamu iliyomo na kijani kinageuka rangi ya zeituni iliyofifia. Ladha nayo inakuwa nzito. Matembele yamefanya hivyohivyo. Chainizi imekuwa mbaya zaidi, imelegea kabisa.

Zilizovumilia ni bamia, nyanya chungu, karoti, biringanya, na kabichi iliyokatwa nene. Mchicha uliopikwa na karanga ulibadilika rangi lakini ladha ilibaki tamu, nimeuruhusu. Kisamvu nacho kinavumilia, kwa sababu hakina cha kupoteza: kimeshatwangwa na kuchemshwa muda mrefu tangu mwanzo. Lazima kiwe hivyo, jani la muhogo likiwa halijaiva vizuri lina sumu.

Kachumbari ndiyo imeokoa jambo. Asubuhi nakata nyanya, kitunguu, tango na hoho, naweka kwenye kikopo bila chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya, na ukiitia saa kumi na moja alfajiri, mchana una supu ya nyanya. Ndimu na chumvi kidogo sana natia mezani. Ndimu ina kazi ya pili: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na majani. Chai hufanya kinyume chake ikinywewa pamoja na chakula, kwa hiyo chai yangu imehamia saa tisa. Hapo ndipo naihitaji hasa.

Jumatano, 12 Februari

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, nimevipata sokoni Mabibo. Nimevichemsha na maganda, nikabeba viwili ndani ya themosi, na dagaa na nusu parachichi. Nusu ya parachichi iliyobaki na kokwa ilikuwa nyeusi jioni, tangu kesho nitabeba dogo zima na kisu. Parachichi si pambo hapa. Rangi ile ya chungwa ni beta karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Siku nisipokuwa na parachichi, karanga zinafanya kazi hiyo.

Dagaa wa Mwanza wana mchanga usipowaosha kwa makini, maana wengi huanikwa chini. Mimi nawamwagia maji ya moto mara mbili, nawachuja, nakaanga kavu kwa mafuta kijiko kimoja mpaka wakauke. Wale wa Kigoma ni safi zaidi ila bei yao iko juu. Vyovyote vile unawala na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Naona watu ofisini wakiona haya kufungua dagaa mezani kwa sababu ya harufu. Wakikaangwa kavu na ndimu, harufu si kitu. Leo wenzangu watatu wameonja na kikopo kimerudi kitupu.

Chumvi: nimeacha kabisa vile vipande vya kuungia mchuzi, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa milo yote. Badala yake nakaanga kitunguu polepole mpaka kiwe kahawia, natia tangawizi, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Wiki ya kwanza chakula kilionekana chapwa. Sasa chipsi za Ijumaa iliyopita ndizo zimenishinda kwa chumvi.

Alhamisi, 20 Februari

Tumenunua maikrowevu! Jambo lilianza na dagaa wale. Watu walianza kuuliza, wawili wakaanza kubeba chakula, kisha mmoja akasema tuchange. Watu 11, sh. 15,000 kila mmoja. Imewekwa pembeni ya birika, na karatasi ya zamu za kuifuta.

Maana yake wali umerudi. Mpango: Jumapili napika wali mweupe, bila nazi, nautandaza kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja unaingia kwenye friza kwa vikopo vya mlo mmoja mmoja. Asubuhi natoa kikopo kikiwa jiwe, nakiweka kwenye mfuko pamoja na kikopo cha maharage yaliyoganda. Vinapoozana vyenyewe njiani. Leo saa nne nilipima: katikati bado barafu. Saa saba: nyuzi 8. Si chini ya 5, lakini kilipita hapo kwa muda mfupi tu, na siku za joto kali naongeza chupa ndogo ya maji yaliyoganda pembeni, ambayo mchana nainywa.

Maikrowevu inapasha kwa mabaka. Dakika mbili, pembeni nyuzi 80, katikati 35. Sasa napasha dakika mbili, nakoroga, napasha tena moja na nusu, nafunika kidogo. Nataka nyuzi 70 katikati. Wenzangu wameanza kukiazima kipimajoto.

Jumatatu umeme ulikatika nyumbani kwa muda wa saa tisa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa ilihimili vizuri, vikopo vyote vilikuwa bado vigumu. Friza nusu tupu isingefanya hivyo, kwa hiyo nafasi zilizo wazi nimezijaza chupa za maji.

Ijumaa, 7 Machi

Ni wiki ya kwanza ya Ramadhani, na nusu ya ofisi wamefunga. Nimehamisha mlo wangu kwenye chumba cha mafaili ili nisile mbele yao. Kwa mama ntilie leo kulikuwa kimya, nikapata nafasi ya kumwomba jambo nililolitaka muda mrefu: "Mama, naomba wali nusu, mboga mara mbili, bei ileile." Akacheka, akanipa, akaniambia mboga ndiyo inayompa hasara kwa sababu wateja wanataka wali wa kushiba. Nimelitafakari jibu hilo. Kumbe sahani yangu ya miaka mitatu ilipangwa na tulichokidai sisi wateja.

Dada wa mapokezi ananiambia anatumia utaratibu wa bakuli juu ya jiko kwa futari: kunde zinalala majini, akifika nyumbani saa kumi na moja zinaiva haraka, na magimbi anayamenya usiku uliotangulia na kuyaacha kwenye maji ndani ya friji. Kabla ya hapo alikuwa akinunua karibu kila kitu barabarani.

Jumanne, 18 Machi

Hesabu za daftari mpaka leo: siku 35 nimebeba, siku 3 nimeshindwa. Mbili kati ya hizo nilirudi usiku sana, moja mtoto aliugua. Viungo vya milo minne ya wiki vinanigharimu wastani wa sh. 11,500. Nilichokuwa nikitumia zamani kwa siku nne, pamoja na soda, kilikuwa kama sh. 16,000. Themosi na kipimajoto vilikula akiba ya wiki zote hizi na zaidi, ukiweka na mchango wa maikrowevu. Faida ya pesa itaonekana kuanzia Mei, si sasa.

Muda: jioni dakika 18 hadi 25, asubuhi dakika 8, Jumapili saa moja na robo. Kwa hiyo nusu saa kwa siku nimeipita ukihesabu Jumapili. Sitaibana zaidi, maana Jumapili binti yangu wa miaka tisa anachambua maharage pamoja nami na tunazungumza.

Presha jana ilikuwa 129 kwa 82. Daktari alisema niendelee, na akanikumbusha kuwa nimeanza pia kushuka kituo kimoja kabla na kutembea. Ni kweli. Usingizi wa saa tisa umeondoka karibu wote, na huo nina hakika ulitokana na kile kilima cha wali na soda.

Ijumaa, 21 Machi

Wiki ya kumi. Leo ilikuwa siku ya mama ntilie, ila sikwenda.

Mzee wetu wa stoo hafanyi kazi ghorofani. Yuko ghala la nje, maikrowevu iko mbali naye na hawezi kuacha mlango. Ana kisukari, na mkewe humfungia ugali kwenye hotpoti ambao mchana unakuwa umelowa jasho la mfuniko. Wiki iliyopita nilimwachia themosi yangu, kwa kuwa mimi sasa natumia vikopo vya friza. Nilimwandikia mkewe karatasi: pasha chupa kwa maji yaliyochemka dakika 10, jaza mpaka juu, mchuzi uwe unatokota. Ugali wa dona ukae peke yake, uviringishwe kwa kitambaa safi kabla ya kufunika ili jasho linywewe na kitambaa.

Saa nane kasoro alinitumia ujumbe nishuke na kipimajoto. Alikuwa hajafungua, alinisubiri. Kunde na nyanya chungu zilikuwa zinafuka. Nikazamisha sindano, tukaangalia wote wawili namba zikipanda: 48, 57, 62, zikasimama 64. Ugali ulikuwa mkavu juu na laini ndani. Akanivutia kiti, akamega tonge la kwanza, akanisogezea bakuli la kunawia.